Barua Kutoka Kimandolu: Wa Mwisho Yuko Wapi?

Kimandolu, Arusha
Julai

Mjomba,

Nakuandikia nimejitanda shuka mbili za Kimasai, kikombe cha chai ya tangawizi kando, na bado vidole havitaki kushika kalamu sawasawa. Sisi wa Tanga tumezoea jasho. Julai ya Arusha inatafuna mifupa. Alfajiri ukungu unateremka kutoka Meru, unalala juu ya migomba ya dada hadi saa tatu, na mgeni hawezi kujua kama kuna mlima nyuma ya nyumba. Kisha unapita upepo kidogo tu, pazia linafunguka, na mita 4,566 za msitu na mawe zinakusimamia usoni. Nina wiki ya tatu hapa na kila siku nashtuka upya.

Dada anakusalimu sana. Shemeji naye anakusalimu, amenipa meza ya chumba cha nyuma na nimeijaza waya, betri na risasi ya kulehemu mpaka wapwa zangu wanafanyia kazi za shule jikoni. Uliniuliza kwa simu nimefuata nini huku na begi zito namna ile, salio likaisha kabla sijamaliza kukujibu. Leo nakujibu kwa kirefu.

Miaka miwili iliyopita nilipokuja kumtembelea dada nilijitolea kugawa maji kwenye mbio moja ya vilimani. Sitazitaja jina, walioziandaa walikuwa watu wema na walifanya walichoweza. Njia ilipanda kutoka barabara ya Moshi, ikapita mashamba ya kahawa, ikaingia mabondeni, ikarudi. Saa nane mchana yule tuliyemdhania ndiye wa mwisho alikata utepe. Tukapiga makofi, tukakunja meza, tukapakia madumu kwenye kirikuu. Saa kumi kijana mmoja akaja taratibu akauliza, "Mama yangu mmemwona?"

Hakuna aliyemwona. Simu yake iliita mara moja ikakatika, halafu ikawa haipatikani. Bodaboda tatu zikatoka, kila moja na njia yake, na zenyewe hazikuweza kuambiana zimeshatafuta wapi, maana huko mabondeni mtandao unakuja na kupotea. Njia moja ikapitwa mara tatu, nyingine haikupitwa kabisa. Tulimpata jua likizama, chini ya mparachichi kwenye boma la bibi mmoja wa Kiarusha, kifundo cha mguu kimevimba, mkononi ameshika kibuyu cha loshoro. Yeyo yule, yaani mama, kama wanavyomwita huku, alikuwa amemfunga mguu kwa kipande cha kanga. Hakutugombeza, alitutazama tu. Mama mwenyewe alisema jambo moja, na limenikaa hadi leo: alisikia kwa mbali muziki wa spika ukizimwa, akajua tumefunga.

Mjomba, mimi ni mmoja wa waliokunja zile meza.

Ndiyo maana nimerudi na begi. Wewe ndiye uliyenifundisha Morse kwa kugonga kijiko kwenye sufuria, na wewe ndiye uliyenionyesha redio ya upepo pale bandarini, kwa hiyo haya utayaelewa kuliko hata shemeji ambaye ananiona kila siku. Waendesha redio wa ridhaa duniani wana mfumo wa kutaja mahali walipo, wanauita APRS. Kifaa chake ni kibao chenye ukubwa wa kiberiti. Kinasikiliza satelaiti za GPS, kinajua kiko wapi, kisha kinageuza habari hiyo kuwa sauti mbili zinazopokezana upesi sana, moja ya hezi 1,200 na nyingine ya hezi 2,200, na redio ndogo ya mkononi inazirusha. Ukisikiliza utasikia krrrt, kama kifaranga kimekanyagwa mkia, na haimalizi sekunde moja. Ndani ya krrrt hiyo mna herufi za leseni yangu zinazoanza na 5H ya Tanzania, mna latitudo na longitudo, mwendo, uelekeo, na maneno machache ukitaka kuyaweka. Nyuma ya herufi unaweka kistari na namba, ili msikilizaji ajue ni nini kinachotembea: 9 ni gari, 7 ni redio ya mkononi. Masafa yetu ni megahezi 144.800, sawa na Ulaya. Marekani wao wako 144.390. Upande wa pili redio nyingine inasikia, kompyuta mpakato inafumbua, na doa linajitokeza kwenye ramani uliyoipakua mapema. Intaneti haihitajiki hata chembe. Mnara wa simu nao hauhitajiki.

Aliyeubuni ungempenda. Alikuwa Mmarekani, Bob Bruninga, mhandisi wa Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani pale Annapolis, na herufi zake za redio zilikuwa WB4APR. Mwaka 1982 alianza kuchora kwenye kompyuta ya Apple II ripoti za mahali zilizotumwa na jeshi la majini kwa masafa ya juu. Yaani chanzo ni meli, Mjomba, mambo yako. Mwaka 1984 akaandika programu nyingine kwenye Commodore VIC-20, kakompyuta kadogo ka nyumbani, na safari hii kazi yake ilikuwa kufuatilia farasi kwenye mbio za maili 100. Niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Tangu utotoni mwake chombo hiki kilikuwa cha mbio: farasi yuko wapi, yuko katika hali gani, na nani yuko karibu naye. Bruninga alifariki Februari 2022, na hadi mwisho aliendelea kuwakumbusha watu kwamba lengo lake halikuwa kufuatilia magari tu. Alitaka watu walio kwenye tukio moja wajue kwa wakati ule ule kinachoendelea kuwazunguka.

Basi Jumatatu ya kwanza nikapanda juu ya bati la dada na antena. Nilikuwa nimemwomba fundi wa kuchomelea wa Ngulelo anikatie fimbo ya shaba ya sentimita 49, ambayo ni karibu robo ya wimbi la masafa yetu, nikaisimamisha katikati ya mfuniko wa ndoo ya rangi. Kibao kingine nilimfungia kijana wa bodaboda anayekaa jirani, tukakubaliana apande kuelekea Moivo, kisha ashuke bondeni hadi kwa Yeyo. Mpwa wangu wa kike, ana miaka kumi na nne, akakaa kwenye kompyuta. Kila baada ya dakika mbili ananisomea kutoka dirishani: "Anko, kapita dukani. Anko, yuko kwenye kona ya kanisa." Halafu akanyamaza. Dakika nne. Dakika nane. Dakika kumi na nne hatukusikia kitu, mpaka kijana akatokea upande wa pili wa kilima na doa likaruka kama panzi kutoka huku hadi kule.

Sehemu iliyokosekana ilikuwa ile ile. Bonde lile lile lililommeza mama yule lilimeza na krrrt yangu.

Masafa haya, unajua, yanakwenda kama jicho linavyoona. Kinachokuzuia kumwona mtu kinakuzuia kumsikia. Na Meru ni mlima mgumu kwa jicho. Upande wa mashariki ulibomoka zamani za kale ukabaki kama kwato, lakini upande wetu huu wa kusini umekunjwa kama kitambaa: mgongo, bonde, mgongo, bonde, kila bonde na kijito chake, na kila bonde lina nyumba, kahawa, na njia ambayo mpanga mbio anaipenda kwa sababu ina kivuli. Ukiweka sikio lako mjini, hata liwe zuri namna gani, unasikia migongo tu. Mabonde hujui kama yapo. Nadhani hili ndilo jambo ambalo waandaaji wengi hawalijaribu kabla ya siku yenyewe. Wanapita njia kwa gari, simu inaita pale walipo, wanasema mtandao upo.

Dawa yake ni kuweka sikio juu. Kimandolu tuna bahati ya kilima cha Suye, hakitishi kwa urefu ila kimesimama mahali pazuri. Tulimwomba mwenye shamba moja kule juu, akaturuhusu, na shemeji akabeba betri ya pikipiki begani. Redio ya pale haisemi lolote la kwake. Inasikia krrrt dhaifu kutoka bondeni, inangoja masafa yatulie, kisha inairudia kwa nguvu. Kila kibao kinatuma ombi lake ndani ya ujumbe, limeandikwa WIDE1-1, maana yake anayenisikia anirudie mara moja, asizidishe. Ukiandika zaidi ya hapo kila kilima kitarudia kilima kingine na masafa yatajaa makelele.

Jumatano nilikwenda mwenyewe kwa Yeyo kwa miguu, nimembebea sukari kilo mbili na majani ya chai. "Takwenya," nikamwambia. "Iko," akajibu, akanitazama vizuri, akacheka. Alinikumbuka. Nikakaa chini ya mparachichi ule ule, nikakiweka kibao juu ya jiwe, nikabonyeza. Krrrt. Nikahesabu kimoyomoyo. Sekunde ya pili redio yangu ikasikia ujumbe wangu mwenyewe ukirudi kutoka Suye, na nyuma yake mna jina la kituo kilichourudia. Yeyo akauliza nani huyo anayeongea. Nikamwambia ni huo mti wake, umewaambia watu wa Kimandolu upo wapi. Akasema mti ulikuwapo hapo kabla ya mumewe kuzaliwa, na kama watu wa Kimandolu hawakuujua hilo ni lao. Nimeliandika neno hili kwenye daftari.

Sasa mbio zenyewe. Zilikuwa za klabu ya jogging ya hapa mtaani, watu kama sitini, hakuna kiingilio, hakuna mfadhili. Nilipendelea hivyo. Redio ya ridhaa kwa makubaliano ya dunia nzima haifanyiwi biashara. Leseni niliyopewa na TCRA si ya kukodishwa kwa mtu anayeuza tiketi. Tunasaidia kwa sababu tunapenda. Nilipata wenzangu wawili wenye leseni, mmoja wa Moshi na mwingine wa hapa hapa mjini, na vibao vyote vilibeba herufi zetu watatu.

Viongozi wa klabu walidhani kila mkimbiaji atapewa chake. Hapana. Masafa ni mamoja na sote tunayatumia kwa zamu. Watu sitini wakisema "shikamoo" kwa wakati mmoja hakuna atakayeitikiwa. Tulitumia sita tu: bodaboda ya mbele, magari mawili ya maji, gari la huduma ya kwanza, baiskeli ya katikati, na mwalimu mstaafu aliyefunga mkia. Kila kimoja tulikipangia sekunde yake ya kutuma kwa saa ya satelaiti, ili visigongane. Jambo jingine nililolisisitiza: ujumbe huu haufichwi. Yeyote mwenye redio anausoma. Kwa hiyo aliyebeba kibao aliambiwa na alikubali, hatukumpa mtoto, na hatukuunganisha kituo chetu na intaneti ingawa ni rahisi na ingekufurahisha wewe kutuona kutoka Tanga.

Watu wote wakati wa kuanza walisimama kuangalia doa la bodaboda ya mbele. Ni haki yao, mbele ndiko kwenye raha. Mwaka 2025 nchi hii yote ilitazama mbele: Aprili Alphonce Simbu alikuwa wa pili Boston, na Septemba 15 kule Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa saa ile ile, 2:09:48, tofauti ikiwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kule mbele kamera inaamua. Lakini nyuma kuna nchi nyingine kabisa. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, jinsi alivyoanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani akichechemea amefungwa bandeji, giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walianza 75, yeye alikuwa wa 57 na wa mwisho kumaliza. Ulinisimulia kwa ajili ya ushujaa wake. Siku hizi nikikumbuka kisa hicho nawawaza waliobaki uwanjani na taa zao. Mtu fulani alijua kwamba bado kuna mmoja njiani.

Boston, ambako wanakimbia tangu 1897, waendesha redio wa ridhaa zaidi ya mia mbili hujitolea kila mwaka, wamesambazwa kwenye vituo vya huduma ya kwanza kutoka Hopkinton hadi mjini. Mabomu yalipolipuka karibu na utepe Aprili 15, 2013, simu za mkononi zilielemewa, na wao wakaendelea kupeleka habari huku maelfu ya wakimbiaji wakiwa bado barabarani hawajui kilichotokea. Sisi hatuna Boston hapa. Tuna mabonde na baridi, na kifundo cha mguu kimoja kinatosha.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa kwenye ramani. Nilimpa kazi moja: usimwangalie wa mbele, mwangalie mwalimu. Saa tatu na nusu doa la mwalimu lilisimama. Dakika mbili, likabaki pale pale. Nne, pale pale. Akanigeukia, "Anko, kibao kimekufa au mwalimu kasimama?" Swali zuri sana, Mjomba, maana kibao kilichokufa hakitumi kitu, na hiki kilikuwa kinatuma, mwendo sifuri, mahali pale pale, kwa uaminifu kila dakika mbili. Basi ni mwalimu. Mwenzangu wa Moshi alikuwa kwenye gari la huduma ya kwanza, nikamwita kwa sauti kwenye masafa mengine, nikamtajia kona. Doa lake likaanza kushuka. Hakuzunguka, hakuuliza njia, hakurudi nyuma. Tuliyaangalia madoa mawili yakikaribiana mpaka yakapandana, na sebuleni kwa dada hakuna aliyepumua.

Alikuwa dereva wa daladala, mtu mzima mwenye mwili, misuli ya paja imekaza na ameanza kutetemeka kwa baridi. Mwalimu alikuwa amemvulia koti lake. Walimpa maji yenye chumvi na sukari, wakamkanda, wakamfunika. Alikataa kupanda gari. Akatembea. Mwalimu akatembea naye, na doa likaanza kusogea tena, taratibu sana, kama chungu aliyebeba punje.

Tulishuka wote kwenye utepe kuwangoja. Ilikuwa imeshafika saa tano na robo. Kijana wa spika alikuwa ameanza kukusanya waya, mpwa wangu akaenda akamshika mkono, akamwonyesha kompyuta. Muziki ukaendelea. Meza za maji zilikuwa zimesimama. Waliingia saa tano na dakika arobaini, dereva mbele hatua moja, mwalimu nyuma yake, kama inavyotakiwa kwa mtu anayefunga mkia.

Mama yule wa miaka miwili iliyopita sikumwona. Nimeambiwa anaishi kwa mwanawe Babati siku hizi.

Jioni ile nilibaki nje peke yangu, baridi yote hiyo, kwa sababu Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilikuwa kinapita juu yetu. Kina redio ya namna hii hii, kwenye megahezi 145.825, inarudia ujumbe wa yeyote aliye chini. Kiko karibu kilomita 400 juu, kinazunguka dunia kwa dakika kama tisini. Niliinua fimbo yangu ya shaba, nikasikia krrrt tatu, nne, za watu nisiowajua, kisha kikazama nyuma ya Meru na kukawa kimya. Ningependa siku moja tuzisikilize pamoja, wewe na sufuria lako.

Mambo yaliyobaki ni mawili. Mvua za vuli zikianza njia ya juu ya Bangata inateleza sana na klabu inataka kukimbia huko Desemba. Suye haitaona kote kule, nimeshajaribu, kuna mgongo mmoja unaikinga. Itahitajika redio ya pili ya kurudia, juu zaidi, kwenye uwazi ulio karibu na msitu, na nguzo ya angalau mita sita ili tupite juu ya miti. Kwa hiyo nakuomba ule waya wa shaba uliobaki stoo, ule mnene uliotoka kwenye antena ya zamani, uniwekee mita kumi. Mpe dereva wa basi la asubuhi, mwandikie namba ya shemeji, nitaupokea stendi.

La pili ni la mpwa wangu. Anataka kufanya mtihani wa leseni akifikisha umri, na ameniuliza nani atamfundisha Morse. Nikamtaja wewe. Ana kijiko tayari.

Wasalaam,
Mpwa wako